Kanda Kumi na Mbili za Kituo cha Chumvi

Mmeniandikia mara tatu mkitaka mafunzo kumi niliyoyapata kazini, myabandike ukutani kwenye chumba chenu cha kanda huko Unguja. Sina mafunzo kumi. Nimekaa miaka arobaini na zaidi katika vyumba visivyo na madirisha hapa London nikisikiliza kanda za watu wengine, na nilichotoka nacho ni mgongo mbovu, sikio la kushoto linalovuma, na hasira ambayo mume wangu anasema ilitakiwa ipungue nikistaafu. Haijapungua. Juzi nilikuwa duka la dawa pale Hayes, spika ya dukani inakwaruza, nikamwuliza muuzaji kwa nini hawaukazi waya wake. Akaniuliza kama nahitaji kukaa kitako.

Basi nitawaandikia kazi moja tu, tangu ilipoharibika mpaka ilipotengenezeka, kwa kuwa yamo makosa ndani yake ambayo na nyinyi mtayafanya. Habari za nani alipandishwa cheo na nani aliachwa, waulizeni wengine. Wapo wanaozikumbuka vizuri.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, sijatimiza mwaka tangu nitoke Pemba kumfuata kaka yangu. Kampuni ilikuwa ikitengeneza sauti za vipindi vya televisheni. Waliotengeneza walikaa juu, na sisi wa stoo ya kanda tulikaa chini ya ardhi, ubavuni mwa mashine ya kupashia jengo moto. Mimi nilidhani nimeajiriwa kupiga taipu. Bwana aliyenipokea alinipa koti la kijivu lililonifika karibu na vifundo vya miguu, akanionyesha mashine mfano wa meza ndogo ya chuma, akasema, "Hii inafuta kanda. Orodha itakuja kutoka juu. Kilichomo kwenye orodha, unafuta. Na saa yako ivue, ina sumaku hii."

Siku ya kwanza nilivua saa. Siku ya pili nilisahau, na ile saa niliyonunuliwa na kaka ikasimama saa nne na robo, haijaenda tena.

Msishangae habari ya kufuta. Siku hizo kanda ilitumika, ikafutwa, ikatumika tena, na hapakuwa na mtu aliyedhani kwamba kuna mwanadamu atakayetaka kutazama kipindi cha televisheni mara ya pili. Leo wale wale waliotuma orodha wanakaa kwenye mikutano na kutikisa vichwa: ah, hasara iliyoje! Nimekaa kwenye mikutano hiyo. Nimetikisa kichwa na mimi.

Siku ya tatu niliangusha rili, kanda ikamwagika sakafuni kama tambi, nikatoa neno la Kipemba ambalo siwezi kuliandika hapa. Nyuma yangu sauti ikasema kwa Kiswahili, "Hiyo neno, mama yako anajua unasema?"

Ndivyo nilivyojuana na Bwana Harbans. Alikuwa Kalasinga mwenye kilemba cha buluu, mzaliwa wa Nairobi, baba yake alifanya kazi ya reli, na yeye ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa kanda. Kiswahili chake hakikuwa na habari na ngeli hata kidogo. Wiki ya kwanza kilinikera. Baada ya mwezi nilikuwa nikikisubiri kuliko chakula cha mchana, maana kwengineko kote mle ndani nilikuwa naitwa "mpenzi" na watu wasiojua jina langu.

Alinifundisha kila kitu ninachokijua. Nawa mikono kabla ya kugusa. Inuse kanda kabla ya kuifungua; ikinuka siki, inakufa, na usiichanganye na nyingine. Kata mshazari, usikate wima, la sivyo kiungo kitagonga masikioni. Badilisha wembe kila asubuhi, kwa sababu wembe unaokaa karibu na mashine unashika sumaku, na kila utakapokata utaacha mdundo mdogo ambao utakutafuta mchana kutwa hujui umetoka wapi. Na juu ya yote, sikiliza kwanza. Usikate, usinakili, usifute kitu hujakisikiliza, na kama kina mwenyewe, mwulize mwenyewe. "Sikia kwanza, Zuwena," alikuwa akisema. "Mkono ngoja."

Mwenyewe aliyekuwa akija sana chini kwetu alikuwa mtunzi mmoja wa kike, Maureen. Alikuwa kwenye miaka ya arobaini, mrefu, hana subira, na alipenda kufanyia kazi huku chini kwa sababu huko juu walilalamika kwamba kelele zake zinawaumiza kichwa. Miaka michache kabla sijaja alikuwa ametunga muziki wa mfululizo wa televisheni ulioitwa Kituo cha Chumvi, habari ya watu wanaopima upepo na mvua kwenye kisiwa cha mawe mpaka vyombo vyao vinaanza kupima kitu ambacho si upepo wala mvua. Vipindi kumi na viwili, na kila kipindi na kanda yake ya muziki.

Muziki wenyewe haukuwa na ala hata moja. Maureen alirekodi mfuniko wa birika ukigongwa kwa kijiko. Alipuliza chupa. Alichukua kifaa cha mafundi wa simu cha kupimia waya, kinacholia mlio mmoja usiokoma, akaurekodi ule mlio kwa kasi mbalimbali. Kisha alikata kanda vipande vya urefu wa kucha, akaviunga, akafanya duara, akaizungusha ile duara mashinini mpaka ikawa usiku na mchana wa kile kisiwa. Duara nyingine zilikuwa ndefu kuliko chumba, ikabidi Harbans asimame nje ukumbini kuizuia kanda kwa penseli isilegee. Watazamaji waliandika barua kulalamika kwamba kipindi kikianza mbwa wao anakataa kuingia sebuleni. Maureen alizibandika barua hizo ukutani. Hakupata tuzo nyingine, maana jina lake halikuonyeshwa hata mara moja. Mwisho wa kila kipindi paliandikwa kwamba muziki ni wa Idara ya Sauti. Alipouliza, alijibiwa kwamba huo ndio utaratibu.

Mwaka wangu wa pili Harbans alifiwa na mama yake, akaenda Nairobi wiki tatu. Nyuma yake ikaja orodha kutoka juu, imetiwa saini, na ndani yake mlikuwa na kanda kumi na mbili za Kituo cha Chumvi.

Nililiona jina. Naliandika hili wazi ili msije mkanitafutia udhuru. Nililiona jina kwenye maboksi, kwa mwandiko wa Maureen, na nilijua utaratibu: sikiliza, mwulize mwenyewe. Lakini kazi zilikuwa zimenirundikia, meneja alikuwa ameshateremka mara mbili kuniuliza kwa nini rafu hazijapungua, na kanda za Maureen zilikuwa kumi na mbili tu. Nikaziweka mezani moja baada ya moja. Haikufika saa moja. Nakumbuka nilikuwa naimba.

Harbans aliporudi alipita kwenye rafu kama mtu anayekagua nyumba yake baada ya safari. Akasimama.

"Hizi ya Maureen iko wapi?"

"Zilikuwa kwenye orodha."

"Wewe ulisikia kwanza?"

"Bwana Harbans, zilikuwa kwenye orodha."

"Mimi hapana uliza orodha."

Akaenda kutazama rafu ya nakala. Nakala hazikuwepo. Maureen alikuwa ameziomba tangu miezi mingi, na fomu yake ilikuwa juu, kwenye meza ya mtu, inasubiri mtu mwengine.

Kesho yake asubuhi Maureen mwenyewe akateremka, anataka kanda ya nne amsikilizishe rafiki. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Harbans, na boksi tupu mkononi. Kabla sijafungua mdomo, Harbans akasema, "Nimezifuta mimi. Nilidhani umeshachukua nakala."

"Wewe?" Maureen akasema. "Wewe, Harbans?"

Sikusema kitu. Maureen hakupiga kelele, laiti angepiga. Alichukua koti lake, akapanda ngazi. Mwezi haukwisha akaacha kazi, na mimi nilivyojua, hakusema na Harbans tena maisha yake yote.

Siku ile nilimwuliza Harbans kwa nini amesema vile. Alikuwa anafuta vichwa vya mashine, pale kanda inapopita, kwa pamba na spiriti. "Rudi kazi," akasema. "Leo tunajifunza kusikia." Na tukajifunza. Nilifanya naye kazi miaka kumi na sita zaidi, na habari hiyo hakuigusa tena. Akastaafu, akafariki. Nilikwenda kwenye mazishi, Maureen sikumwona. Kila mwaka nilisema mwaka huu nitamwandikia. Mara nina mimba, mara tunahama jengo, mara anwani sina, na anwani sina kwa sababu sikumwuliza mtu. Sababu hazikuniishia.

Miaka ya katikati nitaipita haraka, maana nikiikumbuka shinikizo langu la damu linapanda. Kila baada ya muda alikuja meneja mpya na kitu kipya cha kuhifadhia sauti, akaapa kwamba hiki kitadumu milele, tuhamishe kila kitu humo. Tulihamisha. Vitu vya milele vilidumu miaka minane, kumi. Kanda alizorekodi Harbans kabla mimi sijajua kusoma bado zinapiga. Tulipelekwa pia kwenye warsha za siku mbili za kujifunza kusikiliza, ambako mwezeshaji alinikatiza kila nilipofungua mdomo. Nyumbani niliwaeleza wanangu kazi yangu kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza kwamba hayo yote simu inafanya.

Sasa, miaka michache kabla sijastaafu, kampuni iliyonunua haki za vipindi vya zamani ikaamua kukitoa tena Kituo cha Chumvi, na pamoja nacho santuri ya muziki peke yake, maana santuri zimerudi kuwa fasheni. Picha zilikuwepo, lakini sauti ya kwenye picha ilikuwa imechanganywa yote pamoja, waigizaji, milango, nyayo na muziki. Msimamizi wa mradi alikuwa kijana mpole, Oliver. Akaniambia nisijali, kompyuta itautenganisha muziki na kuusafisha. Wiki moja baadaye akaniita nisikilize.

Nilisikia nyayo. Nyayo safi sana, unaweza kujua kiatu kina kisigino cha namna gani. Nilisikia mlango. Nilisikia mwigizaji akivuta pumzi.

"Safi, au siyo?" Oliver akasema.

"Muziki uko wapi?"

"Huo hapo."

"Oliver, mmeuondoa muziki."

"Hapana, tumeondoa mvumo tu."

"Mvumo ndio muziki."

Akatazama kioo cha kompyuta. Nawaambieni, hakutazama spika. Alitazama kioo, aone kama kinakubaliana na mimi. Programu ilikuwa imesikia kazi ya Maureen, ikaamua kwamba ni kasoro, ikaifuta kwa uangalifu mkubwa. Nilikaa nikiisikiliza ile pumzi ya mwigizaji na sikuwa na haki ya kuitukana mashine, maana mimi niliwahi kufanya kazi ile ile bila hata uangalifu.

Oliver akasema basi, atatafutwa mtu atunge upya kwa mtindo ule ule. Nikamwuliza kama wamemwuliza mtunzi mwenyewe. Akasema makaratasi yanaonyesha mtunzi ni idara.

Nilitafuta jina la Maureen wiki nzima nisipate kitu. Nilichopata nilikipata arusini, kwenye ukumbi mmoja wa Hayes, tukiwa tunapakua pilau na Bi Asha. Bi Asha ni wa Unguja, anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na siku hiyo alikuwa anamlalamikia bibi mmoja wa Stanmore.

"Nikiwasha mashine ya kufagilia, ananifukuza. Nikiimba, ananiambia nimeshuka nusu sauti. Na mezani ana wembe, shoga, anakata mikanda ya zamani na kuiunga, kuiunga na kuikata, na mashine ya kuipigia hana!"

Nikaweka upawa chini. "Anaitwa nani huyo?"

"We! Siruhusiwi kutaja jina. Kazi itanitoka."

"Basi mpelekee barua. Kama siye, ataitupa."

Niliandika mistari mitatu: kwamba nilifanya kazi na Harbans, kwamba jambo linahusu Kituo cha Chumvi, na kwamba naomba kuonana naye. Jibu alilileta Asha kwa mdomo. "Kasema uje Jumanne. Na kasema usilete maua."

Nilimkuta kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha, amefika miaka themanini na kitu, macho yamefifia, masikio hayajafifia. Alinijua? Hakunijua. Akauliza kabla sijakaa, "Harbans ndiye aliyekutuma?"

"Harbans amefariki. Miaka mingi sasa."

Akageukia dirishani. "Hakuna aliyeniambia."

"Nimekuja kukwambia jambo jingine pia," nikasema. Nilikuwa nimelipanga vizuri ndani ya treni, na lote likanitoka kichwani. "Zile kanda hakuzifuta yeye. Nilizifuta mimi. Yeye alikuwa Nairobi, kafiwa na mama yake."

Asha alikuwa mlangoni na trei ya chai. Akasimama pale pale.

"Wewe ni yule msichana mwenye koti refu," Maureen akasema.

"Ndiyo."

"Ulikuwa umesimama nyuma yake."

"Ndiyo."

"Ulinisikia ninavyosema naye."

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Yule alikuwa rafiki yangu," akasema. "Alikuwa mtu pekee katika jengo lile aliyesikiliza. Unajua nimemchukia miaka mingapi? Toka nje."

Nikatoka. Stanmore ni mwisho wa njia, treni zinakaa zinakungojea milango wazi. Ziliondoka mbili mbele yangu nimekaa kwenye benchi. Mtu wa umri wangu, mwenye wajukuu, nalia kama niliyechapwa skuli.

Siku tisa zikapita. Ya kumi Asha akanipigia simu, anazungumza kwa kunong'ona kama yuko ndani ya kabati. "Bibi anasema urudi. Uje na mashine ya kanda. Na uje na wembe mpya, anasema wake umeshika sumaku."

Kuitoa mashine kazini kulihitaji fomu nne, mojawapo ikiuliza kama kifaa hicho kinaweza kuuangukia umma. Ina uzito wa mbuzi wawili. Mume wangu, ambaye amestaafu udereva wa basi na alikuwa ameahidiwa mapumziko, aliipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya pili kwa sababu lifti ilikuwa mbovu, na aliyoyasema njiani yabaki baina yangu na yeye.

Ndani ya kabati la nguo la Maureen mlikuwa na masanduku matatu. Kanda zilizokamilika nilizifuta mimi, lakini vipande alivyotungia, milio mbichi, duara, mabaki, alikuwa amevichukua nyumbani siku aliyoacha kazi. Na palikuwa na daftari la mistari ya miraba lenye mapishi ya kila kanda: duara gani, urefu gani, kasi gani, inaingia sekunde ya ngapi.

Tulifanya kazi miezi mitatu, Jumanne na Alkhamisi. Kanda nyingi zilikuwa zimenata, ukizichezesha zinalia kama mlango na kuacha tope kwenye vichwa vya mashine. Dawa yake, andikeni hii, ni joto dogo la saa nyingi, na mimi natumia mashine ya kukaushia matunda, ile ya jikoni. Msitumie oveni. Oveni inadanganya. Nyingine zilikuwa na ukungu, hizo nilizifuta kwa kitambaa kikavu nimeziba pua, nje kwenye baraza, majirani wananitazama.

Maureen hakunisamehe kwa maneno, na hakuwa mtu rahisi. "Haraka mno," alisema. Daftari linasema hivi, nikamjibu. "Daftari limekosea." Nikapunguza. "Sasa umelala." Siku moja tulibishana kasi ya duara moja saa mbili nzima, Asha akatwambia kama tungekuwa wake wenza angalau tungekuwa na sababu. Mwisho nilipiga alivyotaka yeye, na yeye ndiye aliyekuwa sawa, jambo lililoniudhi mpaka nikafika nyumbani.

Katikati ya kazi ile nilikuwa namsomea daftari, macho yake hayaoni tena maandishi, nikamwambia mwandiko umebadilika.

"Umebadilika vipi?"

"Huu si wako. Huu ni wa Harbans. Hapa, na hapa. Kurasa nyingi."

Vipimo vya duara zile ndefu vyote aliviandika yeye, na pembeni maelezo: hii isogezwe, hii irudiwe, hii M. hajaipenda lakini ni nzuri. Maureen akaniambia nimsomee yote, tangu mwanzo. Nilipomaliza akasema, "Nusu ya kazi hii ni yake. Nilijilazimisha kusahau." Kisha akaniambia niweke kanda, mchana unakwisha.

Tulipata tisa. Tatu hazikuwezekana, vipande vyake havimo sandukuni. Oliver akapendekeza kompyuta izikisie. Maureen alimjibu kwenye simu, nikasikia, "Aliyezitunga alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na saba. Mimi simjui tena, na kompyuta yako haikumjua kabisa." Zikabaki tisa.

Halafu yakaja majina. Kampuni ikasema mkataba wa zamani unataja idara. Nikapeleka picha za daftari. Wakajibu kwamba wanaweza kuwashukuru wote wawili mahali fulani nyuma, kwa herufi ndogo. Nilijibizana nao kwa imeili mpaka nikawajua mawakili wao kwa aina ya salamu zao. Aliyemaliza mambo ni Maureen. Vile vipande vilikuwa vyake, vimetoka kabatini kwake, na fomu ya ruhusa ilikuwa mezani haina saini. "Waambie," akasema, "wasiponiandika mimi na Harbans mbele, Asha atavitia kwenye mfuko wa taka." Asha akaitikia kwa kichwa kwamba atavitia. Wakakubali kwa siku mbili.

Jalada la majaribio likaja. Maureen kaandikwa vizuri. Harbans kaandikwa Herbert.

Sitaeleza nilichomwambia Oliver. Alisema kompyuta ndiyo iliyosahihisha. Lakini nimpe haki yake, alikwenda mwenyewe kiwandani, na jalada lililosahihishwa alilileta Stanmore kwa mkono wake, akamwomba radhi Maureen, akakaa akasikiliza kanda zote tisa amefumba macho. Tangu siku ile naweza kumvumilia.

Santuri ilipotoka, Maureen alitaka kwenda kwa mjane wa Harbans. Anaitwa Satwant, anakaa Rayners Lane katika nyumba ile ile waliyonunua walipotoka Nairobi. Tulikwenda kwa teksi, mimi, Maureen na Asha, Maureen akilalamikia matuta ya barabarani njia nzima. Satwant alitupokea kwa heshima ya baridi. Akatupa chai ya maziwa na vitafunio vya ganthia. Na mimi nilichukua kinanda changu cha santuri, nikakiweka chini.

"Nimekuja kuomba radhi," Maureen akamwambia kwa Kiingereza. "Nimechelewa sana."

"Alikuletea kadi kila mwaka," Satwant akasema.

"Nilizitupa."

"Alijua. Alisema, kama hazirudi, basi bado uko hai."

Maureen akainamisha kichwa. Nikaona zamu yangu imefika, nikaanza kusema kwamba kosa halikuwa lake, mimi ndiye, lakini Satwant akanikatiza kwa Kiswahili, kimya kimya, ili yabaki kwetu.

"Wewe mimi najua. Aliniambia siku ile ile."

"Alikwambia?"

"Aliniambia, na mimi niligombana na yeye sana. Niliambia yeye, sisi iko watoto watatu, kwa nini wewe naingia kwa mambo ya watu? Yeye alisema, huyu wakifukuza sasa, hapana rudi tena kwa hii kazi. Na masikio yake ni mazuri, Satwant, nitapata wapi ingine."

"Miaka yote hiyo, Mama. Mbona hukuniambia?"

"Na wewe mbona hapana uliza?"

Nikafanya ninachojua kufanya. Nikaitoa santuri, nikaipangusa, nikashusha sindano.

Tulisikiliza upande wa kwanza wote. Mfuniko wa birika ukalia polepole kama kitu kinachopumua chini ya sakafu, ule mlio wa waya za simu ukaja kwa mbali, ukajikata, ukarudi karibu zaidi. Asha aliacha kutafuna. Satwant alikaa na jalada mapajani, kidole kwenye jina la mumewe, anaitazama spika kwa mashaka makubwa. Upande ulipokwisha akanigeukia.

"Hii?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Jumamosi yote ile, watoto wanangoja, yeye alikuwa kule anashika penseli kwa sababu ya hii?"

Maureen akanyoosha shingo. "Anasema nini?"

Nilifikiri kidogo. "Anasema inatisha."

Maureen akaegemea nyuma kwenye kiti chake, akafumba macho, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue uso wake ukalegea.

"Vizuri," akasema. "Ndivyo tulivyokusudia."